Mkazi wa Nevada kwa Karatasi

Hapa Barstow, Kalifornia, ukimuuliza askari mstaafu kwao ni wapi, atataka kwanza kujua unauliza kwa ajili ya nini. Kama ni soga tu, atakuonyesha nyumba yake nyuma ya reli, yenye uzio wa waya na mbwa mkali. Kama ni mambo ya kodi, ghafla anageuka mtu wa Teksasi, wa Florida, wa Nevada, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato, na ile nyumba yenye mbwa huwa anapita tu kuisalimia.

Sisemi kwa dharau, maana mimi ni mmoja wao. Jina langu Lyle Budreau. Nilikuwa karani jeshini miaka ishirini na miwili, na tangu nistaafu, kila Jumamosi kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili, nakaa kwenye meza ya kukunja katika ukumbi wa maveterani na kuwajazia wenzangu ritani zao za kodi bila malipo. Watu wananisifu kwa hilo. Walikuwa wananisifu, niseme hivyo.

Ugonjwa wetu unaanzia kambini. Ukiwa na sare, sheria inakuruhusu kubaki mkazi wa jimbo lako hata serikali ikupeleke wapi. Unalala Kalifornia miaka sita, na Kalifornia haigusi mshahara wako. Siku unapovua sare, ruhusa hiyo inakwisha. Hakuna anayekuja kukupigia tarumbeta inapokwisha. Unanunua nyumba, unaotesha nyasi jangwani, unazeeka, na moyoni unaendelea kuwa mtu wa kule kwa sababu kwa miaka ishirini ulikuwa mtu wa kule, na ilikuwa halali.

Sajenti Dwight Haverkamp alikuwa mtu wa Nevada. Leseni yake ya udereva ilikuwa ya Nevada, gari lake lilikuwa na namba za Nevada, kura alipiga Nevada. Anwani ya yote hayo ilikuwa nyumba ya magurudumu ya koplo wake wa zamani, Garland Tully, kule Laughlin kando ya mto Kolorado, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mwenyewe aliishi mitaa mitatu kutoka kwangu, na mkewe Setsuko, ambaye alimuoa Okinawa, Japani, walipokuwa vijana. Baada ya jeshi aliendesha malori ya kampuni moja ya Nevada kwa miaka kumi na miwili. Pensheni, na mshahara wa malori juu yake, na senti moja haikwenda kwa jimbo la Kalifornia. Kila Februari alikuja mezani kwangu, nikamjazia ritani ya serikali kuu, na tulipofika kwenye ya jimbo alikunja mikono kifuani.

"Karani, hapo ruka. Mimi wa Nevada."

"Wa Nevada, na nguo zako za ndani ziko kwenye kamba hapa mtaa wa tatu."

"Zinatembea. Ziko likizo."

Tukacheka. Nilijua. Hilo nataka lijulikane mapema: nilijua kabisa, na niliruka.

Mwaka juzi mapafu yake yalikataa. Ni moshi ule wa mashimo ya takataka kule Iraki, walipokuwa wakichoma matairi, betri, mizoga, kila kitu, usiku na mchana, na yeye amelala mita mia mbili upande upepo unakoelekea. Ofisi ya mafao ya askari wastaafu ilimpa ulemavu wa asilimia mia, na daktari akampa miaka miwili, pengine mitatu akiwa na bahati. Akaanza kutembea na mtungi wa oksijeni kwenye kitoroli, akiuita koplo. "Koplo, twende," anauambia, anauvuta.

Tangu siku hiyo Dwight hakuwa na shida nyingine duniani ila moja, na aliisema mbele ya kila mtu: Setsuko asitolewe ndani ya nyumba ile. Hawakuwa na mtoto. Pensheni ya jeshi ingekufa naye, maana alipostaafu walikataa kukatwa ile ya kumwachia mjane, wakasaini wote wawili, walikuwa wazima na pesa ilikuwa inauma. Setsuko alipika katika shule ya msingi, mshahara wa kununulia mchele. Mkopo wa nyumba ulikuwa na miaka kumi na mmoja mbele. Kilichobaki ni fao la mjane, lile linalotolewa mume akifa kwa ugonjwa wa vita. Hilo lingelipa nyumba na kubakisha.

Nikataka kumsaidia. Nikamjazia fomu ya wilaya ya kumwondolea kodi ya nyumba, haki ya mlemavu wa asilimia mia. Fomu ina mstari mmoja unaosema nyumba hii ndiyo makazi yangu makuu. Akasaini, nikaituma, tukanywa kahawa. Karani wa miaka ishirini na miwili, na sikuona nilichofanya. Mkono uleule ulioandika kila mwaka kwamba mtu huyu anaishi Nevada, sasa uliandika kwamba anaishi Barstow.

Barua ilikuja Februari iliyofuata. Aliileta mezani kwangu akaiweka juu ya donati zangu.

Niseme ukweli, ilikuwa barua ya adabu kuliko barua zote nilizowahi kusoma. Ofisi ya kodi ya jimbo ilimsalimu Bwana Haverkamp, ikamshukuru kwa utumishi wake. Ikasema imeona kumbukumbu za wilaya zinazoonyesha makazi yake makuu yapo Kalifornia, na haioni ritani yake hata moja tangu astaafu. Ingefurahi kupata maelezo yake ndani ya siku thelathini. Halafu sentensi moja mwishoni: mahali ambapo ritani haikuwasilishwa, hakuna kikomo cha miaka.

"Maana yake nini, hakuna kikomo?" akauliza Dwight.

"Maana yake wanaweza kurudi mpaka siku ulipovua sare."

"Miaka kumi na nne?"

"Yote."

Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya donati. Kodi, adhabu, riba. Nilipofika dola laki moja na elfu kumi na nane niliacha, kwa sababu alikuwa anahema vibaya.

"Watachukua nyumba," akasema.

"Hawachukui kesho."

"Sikukuuliza lini, Lyle." Hakuwa na kawaida ya kuniita jina langu. "Mimi nitakuwa chini ya udongo. Watamkuta yeye. Watamgongea mlango yeye, na yule mwanamke hata bili ya maji anailipa siku tatu kabla. Fanya kitu. Wewe si karani? Fanya ukarani wako."

Ningepaswa kumwambia: nenda kwa mwanasheria, ungama, kuna mipango ya kulipa kidogo kidogo, kuna huruma kwa wagonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale mezani. Lakini aliniangalia kama zamani askari walivyoniangalia likizo zao zilipokataliwa, na mimi nilikuwa na sifa kambini ya kutoshindwa na karatasi. Kiburi kikanipanda. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Maelezo yale niliyatunga nyumbani kwangu, mchana kweupe, dirisha wazi. Shida ilikuwa ile fomu ya wilaya. Ili Dwight awe wa Nevada, ilibidi nyumba ya Barstow iwe ya mtu mwingine. Nikaandika kwamba yeye na mkewe hawaishi pamoja tangu mwaka aliostaafu. Kwamba nyumba aliiacha kwa mke. Kwamba fomu ya wilaya aliijaza mke bila kuelewa, Kiingereza kikiwa si lugha yake, na mume akasaini kwa haraka akiwa hospitali. Kisha nikaona pengo: kwa nini mtu aondoke kwenye nyumba anayoilipia? Nikafikiri kidogo. Nikaongeza mstari mmoja: "Mke wangu ndiye aliyetaka niondoke."

Niliupenda mstari ule. Ulikuwa mfupi na una aibu ndani yake, na watu huamini mwanamume anapokiri aibu. Mungu anisamehe, nilijisifu.

Jumatatu Dwight aliyasoma maelezo amesimama. Alipofika kwenye mstari ule alirudia.

"Hapa unasema Setsuko alinifukuza."

"Ni karatasi tu."

"Hajawahi kuniambia hata nisogee kwenye sofa."

"Ndiyo maana ni karatasi. Dwight, hii inakwenda Sakramento kwenye faili. Hakuna atakayemsomea mkeo."

"Na chini hapa? Kiapo?"

"Kila mtu anasaini kiapo. Mimi nasaini vinane kila Jumamosi."

Akashika kalamu. Mtungi ulipumua pembeni yake, tsss, tsss. "Asijue," akasema. "Unanisikia, Karani? Huyu mwanamke asije akajua." Akasaini.

Sikuishia hapo. Nilimwambia karatasi zote ziseme kitu kimoja, maana mkaguzi akitaka kukushika hutafuta mbili zinazopingana. Tukaifuta ile fomu ya wilaya. Tukaandikia ofisi ya pensheni: anwani Laughlin. Tukaandikia ofisi ya mafao: anwani Laughlin, hali ya ndoa, wametengana, na nakala ya maelezo tukaiambatisha ili wasituulize maswali. Ile nakala niliiweka mimi kwenye bahasha. Nakumbuka nililamba gundi.

Mwezi wa Aprili jimbo likajibu. Likamshukuru tena. Likasema limepokea maelezo yake na kwa sasa halitachukua hatua, lakini faili linabaki wazi, na huenda likahitaji uthibitisho wa mahali anapoishi kwa mwaka huu.

"Tumeshinda!" Dwight akanipiga begani.

"Bado. Wanaweza kumtuma mtu. Wanaweza kuuliza jirani, kuangalia bili ya umeme ya Tully, kadi yako ya benki umenunua mkate wapi. Mwaka huu lazima ukae kule kweli. Nusu ya mwaka na zaidi kidogo. Siku moja hapa, mbili kule."

"Nikae kwa Tully? Tully analala na televisheni imewashwa."

"Basi nunua pamba za masikio."

Akaenda. Setsuko aliambiwa kwamba hewa ya mtoni ni nzuri kwa mapafu, na kwamba kuna daktari. Mimi nilikuwa na daftari la kuhesabu siku. Kila Ijumaa alinipigia. "Tano," anasema. Au "Nne, nilirudi Jumatano, alikuwa amepika karela." Setsuko alipanda karela, ile mboga chungu ya kwao, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha turubai, jangwani humu, na alizikaanga na mayai na nyama ya kopo, Dwight angevuka jangwa kwa miguu kwa ajili ya sahani ile. Nami nilimgombeza. Nikamwambia siku hiyo haihesabiki. Nikamwambia avumilie, ni mwaka mmoja tu. Nilimwambia mtu aliyepewa miaka miwili avumilie mwaka mmoja.

Julai, joto la kuyeyusha lami, nilimkuta Setsuko dukani akipima mchele. Ni mwanamke mdogo wa umbo, hana maneno mengi. Alinisubiri nilipe.

"Shemeji, nikuulize."

"Uliza."

"Huko Nevada ana mtu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mpaka mwenye duka akatugeukia. "Nani? Dwight? Na ule mtungi? Nani atamtaka?"

Hakucheka. "Anaondoka akiwa na huzuni, anarudi akiwa na huzuni. Zamani alipokuwa vitani alikuwa ananiambia tarehe ya kurudi. Sasa haniambii. Hata barua zake haziji tena hapa. Zote zinakwenda kule."

"Ni mambo ya anwani tu, shemeji. Mambo ya karatasi."

"Kama ana mtu, sitapiga kelele. Nataka tu kujua niweke sahani ngapi."

Ningeweza kumwambia pale pale, kati ya mchele na sabuni. Nikamwambia Dwight anampenda kuliko oksijeni yake, na kwamba aache kufikiri ovyo. Nikaenda nyumbani, nikaongeza siku tano kwenye daftari. Isikuingie akilini kwamba sikuona kitu kinachotokea. Niliona. Tuliandika uongo kwenye karatasi mwezi wa Machi, na kila wiki ule uongo ulikuwa unapungua kuwa uongo. Alikuwa na mswaki kule. Alikuwa na kiti chake kule. Alianza kusema "nyumbani kwa Tully," kisha siku moja kwenye simu akasema "nyumbani," nikalazimika kumuuliza wapi.

Oktoba alisema anataka kuacha. "Karani, sipumui vizuri. Nataka kulala kitandani kwangu."

"Una siku ngapi?"

"Wewe ndiye una daftari."

"Mia moja sitini na moja. Bado ishirini na mbili. Maliza ishirini na mbili, Dwight, urudi, usiondoke tena. Kwa ajili ya Setsuko."

Nilijua jina hilo litamfanya atii.

Tully alinipigia Jumanne moja saa nne asubuhi. Alisema ametoka kwenda kununua sigara, amerudi, televisheni inaongea na Dwight haongei. Mtungi ulikuwa umekwisha, wa pili ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Hatua tatu! Setsuko angezisikia pumzi zake zikibadilika akiwa jikoni. Angekuwa amefika kabla ya hatua ya kwanza. Nilikaa na simu mkononi, Tully akilia upande wa pili, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, naona haya kukiandika, ni kwamba alikuwa amefikisha mia moja sabini na tisa.

Cheti cha kifo kiliandikwa Nevada. Makazi: Laughlin. Hali ya ndoa: wametengana. Karani wa kule alinakili alichokikuta kwenye karatasi za marehemu, na zote zilisema kitu kimoja, kama nilivyotaka.

Tulimzika na bendera na risasi tatu za heshima. Setsuko alipewa bendera imekunjwa pembetatu. Yule sajenti kijana aliyemkabidhi alisita kidogo, akaangalia karatasi yake, kisha akampa. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeona.

Setsuko alipoomba fao la mjane hakuja kwangu, aliijaza fomu mwenyewe kwa herufi zake za mraba. Kwa hiyo sikujua lolote mpaka Jumamosi ya kwanza ya Februari, alipoingia ukumbini amevaa koti la Dwight, mikono imekunjwa mara mbili, akapanga foleni nyuma ya watu watatu. Alisubiri zamu yake. Alipofika alikaa, akatoa bahasha ya ofisi ya mafao, akaifungua, akaigeuza iniangalie mimi.

Barua ilisema ombi lake limesimama. Mjane hulipwa ikiwa aliishi na mume mpaka kifo, au kama walitengana bila kosa la mke. Kumbukumbu za marehemu zilionyesha kutengana kwa miaka kumi na nne, kwa matakwa ya mke. Aeleze ndani ya siku sitini. Na nyuma yake, kwa uangalifu mkubwa, wameambatisha nakala.

"Nimesoma na kamusi," akasema Setsuko. "Nikafikiri nimekosea. Nikasoma tena. 'Mke wangu ndiye aliyetaka niondoke.' Nilimwambia lini?"

 Mtu mmoja kwenye foleni akajifanya anatafuta sukari.

"Hukumwambia," nikasema.

"Saini ni yake."

"Saini ni yake. Maneno ni yangu."

Hakuelewa kwanza. Ilibidi nimweleze tangu mwanzo, kodi, Nevada, fomu ya wilaya, barua ya adabu. Nilisema yote kwa sauti ya chini, na kila nilipofika mahali pa kujitetea aliinua kidole kidogo, nikanyamaza, nikaendelea. Nilipomaliza aliangalia mikono yake.

"Kwa hiyo hapakuwa na daktari."

"Hapakuwa."

"Wala mwanamke."

"Hapakuwa na mtu yeyote, shemeji. Alikuwa anakaa kwa Tully anaangalia mashindano ya magari, anahesabu siku."

"Alihesabu ngapi?"

Nikamwambia. Akazisema kwa lugha yao kwanza, taratibu, kisha kwa yetu. "Mia moja sabini na tisa. Nilikuwa naye miaka thelathini na mmoja, na hizo ndizo zilikuwa za mwisho, na mimi nilidhani hanitaki." Alisema bila kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kila usiku wa hizo nilikaa nikijiuliza nimemfanya nini."

Nilitaka kusema pole. Badala yake nikausoma tena ule mstari wa siku sitini.

"Sasa eleza kazi yako," akasema. "Nikinyamaza?"

"Hupati fao. Nyumba utaishikilia miezi sita, saba, halafu benki."

"Nikisema ukweli?"

"Ukisema mliishi pamoja, ofisi ya mafao itakupa haki yako. Lakini maelezo yale yalikuwa ya kiapo, na ofisi za serikali zinaandikiana. Jimbo litalijua. Litafungua faili lake, miaka yote, na nyumba ndiyo mali pekee aliyoiacha. Huenda fao likalipa benki na kodi ikala nyumba. Na mimi niliyetunga, watanitafuta pia."

"Kwa hiyo nyumba inakwenda njia zote mbili."

"Sijui. Inawezekana. Tunaweza kupata mwanasheria, tunaweza kuomba..."

"Wewe usiombe tena." Akasogeza ile nakala kando kwa ukucha, bila kuigusa vizuri. "Njia moja naondoka nyumbani nikiwa mwanamke aliyemfukuza mume wake mgonjwa. Njia nyingine naondoka nikiwa mke wake. Hilo nalo ni swali?"

Nje treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, glasi za kahawa zikitetemeka mezani. Tulisubiri ipite, kwa sababu usingeweza kusikia kitu.

"Andika," akasema. "Uko hodari wa kuandika. Andika kwamba hakuna siku hata moja niliyomwambia aondoke. Andika nilifua soksi zake. Andika mtungi wake nilikuwa naubadilisha mimi, usiku saa nane na saa kumi na moja, na kwamba angekuwa kwangu angekuwa hai leo. Usilirembe. Kisha andika ni nani aliyesema vingine, jina lake lote, na kazi yake."

Nikaandika. Nimeandika maelfu ya karatasi maishani, likizo, uhamisho, vifo, na kabla ya ile sikuwahi kuandika moja ambayo kila neno lake lilikuwa kweli. Ilichukua karibu saa nzima. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliondoka kimya kimya, ritani zao kwapani, na wiki iliyofuata hawakurudi.

Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akasaini kwa zile herufi za mraba. Kisha akanigeuzia karatasi, akaweka kalamu juu yake.

"Zamu yako, Bwana Budreau."

Miaka kumi na saba alikuwa akiniita shemeji. Nikasaini.